Kabla ya Kumhamisha Mzee, Tuitengeneze Nyumba

Mzazi anapozeeka na miguu ikaanza kupungua nguvu, vikao vya familia huzunguka swali moja: ataishi kwa nani? Wapo watakaotaka ahamie mjini kwa mtoto mwenye nafasi, wapo watakaopendekeza apelekewe mjukuu au msichana wa kazi, na siku hizi wapo hata wanaouliza kwa sauti ya chini habari za makazi ya wazee. Ni nadra kumsikia mtu akiuliza kuhusu nyumba yenyewe: ngazi zake, choo chake, taa zake, na njia itokayo mlangoni hadi dukani, msikitini, kanisani au kwenye zahanati. Swali hilo ndilo lingepaswa kutangulia. Sehemu kubwa ya kile tunachokiita kushindwa kwa mzee hutokana na mahali anapoishi, na mahali hurekebishika kwa gharama ndogo kuliko tunavyodhani, mradi tuanze mapema.

Msingi wa hoja hii umekwishawekwa na wataalamu wa afya. Mwaka 2015 Shirika la Afya Duniani lilitoa ripoti kubwa kuhusu uzee na afya, na ndani yake likabadili kipimo cha uzima wa mzee. Badala ya kuhesabu maradhi aliyonayo, lilitaka tuangalie mambo anayoyathamini ambayo bado anaweza kuyafanya. Kwetu mambo hayo ni kama kuoga mwenyewe, kupika, kwenda kuswali, kuhudhuria msiba, kupalilia shamba, kumtembelea jirani. Uwezo huo una nguzo mbili. Ya kwanza ni nguvu za mwili na akili, ambazo hupungua kadiri miaka inavyosonga. Ya pili ni mazingira, ambayo yanaweza kufidia kilichopungua au kukiongezea uzito. Chukulia wazee wawili wenye maumivu ya magoti yanayolingana. Mmoja ana choo cha kukaa, hatua chache kutoka kitandani, na ukutani pana bomba la kushikilia. Mwingine choo chake ni cha shimo, kiko nyuma ya uwanja, na njia ya kukiendea ina mawe na haina taa. Daktari ataandika ugonjwa mmoja kwa wote wawili, lakini wa kwanza anajitegemea na wa pili anahitaji mtu wa kumshika mkono usiku na mchana.

Huenda mtu akauliza kwa nini jambo hili lishughulikiwe sasa, katika nchi kama Tanzania ambayo wengi wa watu wake ni vijana. Sensa ya mwaka 2012 iliwakuta Watanzania wenye miaka 60 na zaidi wakiwa takriban milioni 2.5, sawa na asilimia 5.6 ya watu wote. Udogo wa asilimia hiyo unatupotosha. Watu wote nchini waliongezeka kutoka milioni 44.9 mwaka huo hadi milioni 61.7 katika sensa ya 2022, na waliozaliwa katika miongo ya uhuru wanaingia uzeeni kwa wingi. Lakini hoja yenye nguvu zaidi ni umri wa nyumba. Nyumba ya matofali ya saruji inayojengwa leo inaweza kusimama miaka 50 au zaidi. Anayemwaga msingi akiwa na miaka 35 anaweza kuwa bado anaishi humo akiwa na 75. Taifa la vijana ni taifa la wajenzi, na kila mlango unaobanwa leo, kila kizingiti kinachoinuliwa na kila ngazi inayoachwa bila kishikio ni uamuzi ambao mjenzi anajifanyia kuhusu uzee wake mwenyewe, mara nyingi bila kujua.

Tuanze na choo, kwa sababu ndicho kinachoamua mengi. Kuchuchumaa kunadai magoti yakunjwe hadi mwisho, mwili usawazishwe juu ya nyayo, kisha mtu ainuke bila msaada wa mikono. Kazi hiyo hubebwa na misuli ya mapaja, nayo hudhoofika sana uzeeni. Mzee anayeanza kuogopa kwenda chooni si lazima aseme. Wapo wanaopunguza kunywa maji jioni, kisha hata mchana, ili wasiinuke mara kwa mara. Upungufu wa maji mwilini huleta kizunguzungu, kukosa choo na maambukizi ya njia ya mkojo, na kizunguzungu humwangusha mtu njiani. Familia huona maradhi matatu yasiyohusiana, kumbe chanzo ni kimoja. Tiba yake haihitaji fedha nyingi. Panapo maji ya bomba, choo cha kukaa chenye kimo cha kama sentimita 45 humwezesha mzee kukaa na kuinuka bila kulilemea goti. Kwenye choo cha shimo, seremala anaweza kutengeneza kiti imara chenye tundu, au nguzo mbili zikasimikwa kando ili mikono iisaidie miguu. Kopo na ndoo ya maji viwe juu kidogo, pasipohitaji kuinama. Mlango nao ufunguke kwa nje, ili mzee akianguka ndani mwili wake usije ukawazuia wanaokuja kumwokoa.

Kuanguka kwenyewe tumekuzoea mno, kana kwamba ni sehemu ya uzee. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa watu 684,000 hufa kila mwaka duniani kwa kuanguka, zaidi ya asilimia 80 yao wakiwa katika nchi za kipato cha chini na cha kati, na walio hatarini zaidi ni waliovuka miaka 60. Mzee akivunjika nyonga na asipate upasuaji mapema, mara nyingi hatembei tena kama zamani. Je, kurekebisha nyumba kunapunguza hatari hiyo kweli? Watafiti wa New Zealand walilipima jambo hilo katika eneo la Taranaki. Walichukua kaya 842 za watu wa rika zote, wakazigawa kwa kura katika makundi mawili: nyumba za kundi la kwanza zilirekebishwa mapema, za kundi la pili zikasubiri miaka mitatu. Marekebisho yalikuwa madogo: vishikio kwenye ngazi na bafuni, taa za nje, kingo zilizoimarishwa kwenye ngazi, na sehemu za kukanyaga zisizoteleza. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2015 yalionyesha kwamba majeraha ya kuanguka nyumbani yalipungua kwa asilimia 26 katika nyumba zilizorekebishwa. Hakuna kazi iliyofanywa pale ambayo fundi wa Tanga au Mbagala angeshindwa kuifanya.

Kwetu orodha ya kazi hizo ingeanzia sakafuni. Vigae vinavyong'aa ni fahari ya nyumba nyingi mpya, lakini vikilowa huteleza vibaya. Bafuni na barazani panafaa vigae vya kukwaruza, au sakafu ya saruji iliyopigwa mistari. Mwanga unafuata. Kufikia miaka 60, jicho hupitisha takriban theluthi moja tu ya mwanga uliokuwa ukipita mtu alipokuwa na miaka 20, na hapo mtoto wa jicho bado hajahesabiwa. Balbu inayomtosha kijana humwacha mzee gizani, hasa kwenye njia ya chooni na kwenye ngazi. Swichi iwe karibu na kitanda. Pasipo na umeme, taa ndogo ya sola iwekwe mahali palepale kila siku. Kisha kuna ngazi za mbele ya nyumba. Tunapenda kuinua msingi kwa hofu ya mafuriko, na ni haki, ila tunasahau hesabu. Njia ya mteremko inayopitika kwa kiti cha magurudumu hutakiwa kuwa na urefu wa mita 12 kwa kila mita 1 ya kimo. Kibaraza kilichoinuliwa nusu mita kinahitaji mteremko wa mita 6. Kwenye kiwanja kitupu nafasi hiyo hupatikana bila taabu, lakini ukuta wa uzio ukishajengwa mita mbili kutoka mlangoni, haipatikani tena ila kwa kubomoa.

Jikoni kuna fundisho zito zaidi, linalotoka Kanda ya Ziwa. Huko, hasa Usukumani, wanawake wazee wameuawa kwa tuhuma za uchawi, na moja ya alama walizohukumiwa kwazo ni macho mekundu. Mara nyingi wekundu huo ulitokana na miaka mingi ya kupikia kuni au samadi ya ng'ombe katika chumba kisicho na njia ya kutolea moshi. Sababu za mauaji hayo ni nyingi, zikiwamo ugomvi wa ardhi, umaskini na wivu, wala hakuna anayeweza kudai kwamba jiko pekee lingeyakomesha. Hata hivyo, mashirika yaliyofanya kazi na wazee wa eneo hilo yaliona umuhimu wa kuingiza majiko yasiyo na moshi mwingi na nyumba imara katika juhudi za kuwalinda. Jiko lenye bomba la kutolea moshi huokoa macho na mapafu, na linamwondolea mwanamke mzee alama ambayo majirani walijifunza kuiogopa. Mlango wenye komeo madhubuti nao humpa usingizi. Nyumba, kwa maana hiyo, ni sehemu ya usalama wa raia.

Hata nyumba nzuri huwa kifungo ikiwa nje hapapitiki. Shirika la Afya Duniani lilipoandaa mwongozo wake wa miji rafiki kwa wazee mwaka 2007, lilisikiliza wazee wa miji 33, Nairobi ukiwamo, na likataja maeneo manane ya kushughulikia: majengo na maeneo ya wazi, usafiri, makazi, kushirikiana na wenzao, kuheshimiwa, kushiriki katika mambo ya kiraia na kazi, habari na mawasiliano, na huduma za jamii na afya. Mojawapo ya mahitaji hayo miji ya pwani ililijibu karne nyingi zilizopita. Baraza za mawe zilizojengwa mbele ya nyumba za Lamu na za Mji Mkongwe wa Zanzibar humpa mzee pa kupumzika kila baada ya hatua chache, kivuli cha ukuta wa jirani, salamu za wapita njia na habari za mjini. Mitaa mipya ya Dar es Salaam, Dodoma au Mwanza mara nyingi haina hata benchi moja kati ya nyumba na kituo cha daladala, na mtaro wa wazi ulio mbele ya geti umefunikwa kwa ubao mwembamba. Mzee asiyeweza kutembea mita 400 bila kupumzika anaweza kutembea kilomita nzima akipewa mahali pa kukaa mara tatu.

Barabara nazo zimepimwa kwa miguu ya kijana. Taa nyingi za kuvukia watembea kwa miguu duniani hudhani mtu anakwenda mita 1.2 kwa sekunde. Utafiti uliofanywa Uingereza na kuchapishwa mwaka 2012 ulikuta kwamba asilimia 76 ya wanaume na asilimia 85 ya wanawake wenye miaka 65 na zaidi walikwenda polepole kuliko hivyo. Singapore ililijibu tatizo hilo kwa kuwapa wazee kadi ya kugusisha kwenye nguzo ili taa ya kijani ikae muda mrefu zaidi. Kwetu vivuko vingi havina taa kabisa, na mzee hubaki akitegemea huruma ya dereva. Lakini tuta kabla ya kivuko na kisiwa cha kusimamia katikati ya barabara pana ni mambo ambayo mhandisi wa halmashauri anayajua. Usafiri wa umma pia umetuonyesha kwamba inawezekana. Mabasi ya mwendokasi yalipoanza kazi Dar es Salaam mwaka 2016, vituo vilijengwa kwa kimo kinacholingana na sakafu ya basi, ili abiria aingie bila kupanda ngazi. Msongamano unaweza kuiharibu faida hiyo, lakini haufuti ukweli kwamba mlango wa basi ulifikiriwa pamoja na goti la abiria. Daladala zetu hazijafikiriwa hivyo.

Pingamizi la kwanza, na ndilo lenye mizizi mirefu, linasema kwamba kujitegemea kwa mzee ni fikra ya kigeni: kwetu mzee hutunzwa na watoto, na kumwekea vishikio ni kumwandalia upweke. Pingamizi hili linastahili heshima, kwani utunzaji wa kifamilia ndio uliobeba wazee wetu hadi leo, na Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 inaitambua familia kuwa tegemeo la kwanza. Lakini linachanganya kujitegemea na kuishi peke yako. Mama mzee anayeweza kwenda kuoga bila kumwita mkwe wake bado yumo katika familia, na yumo kwa heshima kubwa zaidi, kwa sababu anabaki na stara yake. Anayemtunza naye hupata nafuu. Mzigo wa kuinua, kuogesha na kusindikiza chooni huwaangukia zaidi binti, mkwe au mjukuu wa kike, wakati mwingine kwa gharama ya masomo au kazi yake. Isitoshe, watoto wengi wako mbali, na vijijini ni kawaida kumkuta bibi akilea wajukuu badala ya kulelewa. Mila ya kumtunza mzee inatimizwa vema na mtoto anayemtumia fundi na mifuko michache ya saruji kabla ya kufikiria kumng'oa katika mtaa ambao kila mtu anamjua kwa jina.

Pingamizi la pili ni la umaskini: mzee asiye na uhakika wa chakula ataambiwaje habari za vishikio? Ni kweli kwamba kipato hutangulia, na hapa Zanzibar imeonyesha njia. Tangu Aprili 2016 kila mkazi mwenye miaka 70 na zaidi anastahili Pensheni Jamii inayolipwa na serikali, hata kama hakuwahi kuajiriwa. Ilianza kwa shilingi 20,000 kwa mwezi na baadaye ikapandishwa hadi 50,000. Kenya nayo ina mpango wa Inua Jamii kwa wenye miaka 70 na zaidi, wenye kiwango cha shilingi 2,000 za Kenya kwa mwezi. Lakini fedha na mahali hufanya kazi pamoja. Pensheni ya mzee asiyeweza kutoka nje hupitia mikononi mwa watu wengine, na msamaha wa gharama za matibabu haumfikii asiyeweza kupanda gari la kwenda hospitali. Tena marekebisho haya ni matumizi ya mara moja yanayodumu miaka mingi, na wanaonufaika si wazee peke yao. Mjamzito, mtoto anayejifunza kutembea, mtu mwenye ulemavu na aliyevunjika mguu kwa ajali ya bodaboda wote hupita kwenye mteremko uleule na kushika bomba lilelile.

Pingamizi gumu kuliko yote ni la mpangaji. Mjini watu wengi huishi vyumba vya kupanga, choo ni cha pamoja, na mwenye nyumba hataki ukuta wake utobolewe. Hapa nia njema ya familia haitoshi, inahitajika kanuni. Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya mwaka 2010 tayari inataka majengo yanayotumiwa na umma yafikike. Halmashauri, ambazo ndizo zinazotoa vibali vya ujenzi, zinaweza kupanua wazo hilo kwa kudai kwamba kila nyumba mpya ya kupangisha iwe na walau choo kimoja chenye kishikio, mlango wa sentimita 90 na njia isiyo na ngazi. Sharti linalowekwa kwenye ramani humgharimu mwenye nyumba kidogo sana. Kwa nyumba zilizokwisha kujengwa, ruhusa ya mpangaji kuweka kishikio kwa gharama yake ingeweza kuingizwa katika mikataba ya kawaida ya upangaji.

Wapo wazee ambao nyumba nzuri haitawatosha: waliopoteza kumbukumbu kiasi cha kutojua jiko limewashwa, wagonjwa wa kulala kitandani, na wasio na ndugu yeyote. Kwa hao, makazi kama Nunge kule Kigamboni au Sebleni na Welezo kule Unguja ni ya lazima na yanastahili kuhudumiwa vizuri. Kosa litakuwa kuyafanya makazi hayo jibu la kila uzee. Nchi tajiri zilizotangulia kwenye njia hiyo zimegeuza mwelekeo. Denmark ilipitisha sheria mwaka 1987 iliyokomesha ujenzi wa nyumba za wazee za mtindo wa zamani, ikahamishia nguvu kwenye makazi ya kawaida yanayofaa wazee na huduma zinazomfuata mtu kwake. Japani, ambako wazee ni wengi mno, ina bima ya matunzo iliyoanza mwaka 2000, nayo husaidia kulipia marekebisho ya nyumba hadi yen 200,000. Nchi hizo zilifika hapo baada ya kujenga na kulipa sana; sisi tunaweza kuanzia pale walipoishia.

Kazi basi igawanywe. Vyuo vya ufundi stadi vya VETA vifundishe mafundi kwamba kishikio kinafungwa kwenye tofali imara na si kwenye lipu, na kwamba ngazi zinazotofautiana kimo huangusha watu. Mabaraza ya wazee yaliyopo katika mitaa na vijiji yapewe kazi ya kutembea njia za kwenda zahanati, sokoni na ibadani, kuorodhesha mitaro isiyofunikwa na mahali panapohitaji benchi, na orodha hiyo iingizwe kwenye bajeti ya halmashauri badala ya kusomwa Oktoba 1, Siku ya Wazee Duniani, na kusahauliwa. Wafanyakazi wanaokaribia miaka 60, ambao wengi hujenga au kumalizia nyumba kwa mafao yao, waelezwe haya kabla ya kustaafu, pamoja na mafunzo ya biashara wanayopewa. Na kikao cha familia kikikaa kuzungumzia mzazi, ajenda ya kwanza iwe kumwuliza yeye mwenyewe ni wapi panapomshinda ndani na nje ya nyumba yake, kisha kumwita fundi. Baada ya hapo, kama bado itabidi kuuliza ataishi kwa nani, tutauliza tukiwa na haki ya kuuliza.